Breki Ya Mbele Iko Mkono Gani?

Kabla usome hata mstari wa pili, nenda kwa baiskeli yako. Najua iko ndani ya keja, kando ya kitanda, juu sote tunawajua wezi wa hii Nairobi. Finya leva ya mkono wa kulia peke yake, halafu jaribu kuisukuma baiskeli mbele. Ni gurudumu gani limekataa kuzunguka? Kama ni la mbele, poa, endelea kusoma ukiwa umetulia. Kama ni la nyuma, mimi na wewe tuna mazungumzo, na afadhali tuyafanye hapa kuliko uyafanye na lami ya Valley Road.

Baiskeli nyingi tunazonunua ni mitumba. Zimeshuka na kontena kutoka Uingereza, Japani, Ujerumani, Uholanzi, na kila nchi imekuja na tabia zake. Uingereza na Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na kawaida breki ya mbele wanaiweka mkono wa kulia. Ujerumani na Uholanzi wanaendesha upande wa kulia, na breki ya mbele mara nyingi iko kushoto. Kuna akili ndani yake. Hapa kwetu, kukata kona ya kulia ndiko kunakupitisha mbele ya magari, na lazima unyooshe mkono wa kulia uwaonyeshe. Ukishaunyoosha, kwa usukani umebaki wa kushoto pekee, na unataka huo uwe umeshika breki ya nyuma, ile ambayo hata ukiifinya kwa hasira haitakurusha. Kwao ni kinyume, kwa hivyo wamegeuza.

Shida ni kwamba kontena ikifunguliwa hakuna mtu anakaa chini kugeuza waya. Unalipa, unapanda, unaenda na mazoea ya baiskeli uliyojifunzia kwenu. Siku ya kwanza hakuna noma. Siku ya tatu nganya inakukatia mbele kwa steji, mikono inafanya kile imezoea bila kukuuliza, na unajikuta umefinya ile ya mbele yote ukidhani ni ya nyuma. Na kama umewahi kuendesha pikipiki ni mbaya zaidi, juu pikipiki breki ya mbele iko mkono wa kulia na kushoto ni klachi.

Ukifunga breki, uzito wako wote unakimbilia mbele. Tairi ya mbele inakandamizwa chini, ya nyuma inabaki nyepesi. Ndiyo maana breki ya mbele ndiyo inakusimamisha kwa ukweli, na ndiyo hiyo hiyo inaweza kukung'oa kwa kiti ikupitishe juu ya usukani ukiifinya yote kwa mshtuko. Ya nyuma ukiizidisha, tairi inaburuta na kuteleza, na mara nyingi unaamka na aibu tu. Ni breki mbili tofauti kabisa, na mkono unafaa kujua umeshika gani kabla hata kichwa kijue. (Kwa wageni hapa: ndiyo, mimi ndiye yule dada wa spana, niliyetoka kampasi mwaka wa pili wa uhandisi karo ilipogoma. Mashangazi bado wananiombea kila Jumapili. Asanteni.)

Mimi hugeuza kila moja inayopita mikononi mwangu. Kuna mafundi watakuambia ni mazoea tu, achana nayo. Hiyo ingekuwa sawa kama baiskeli yako ungeiendesha peke yako. Lakini mtaani baiskeli ni kama chaja. Brathe yako mdogo anaichukua kwenda dukani, jirani anakimbia nayo mara moja tu na anarudi jioni. Hao wote mikono yao imezoea ya kwao.

Kazi yenyewe haimalizi saa moja. Kama breki zako ni zile za mikono miwili mirefu inayosimama kila upande wa rimu, ibane kwa vidole, uchomoe kale kachuma kaliokunjwa kama mrija, na waya utalegea. Legeza nati inayoushika huo waya kwa breki, mara nyingi ni alenkii ya namba 5. Ukija kwa leva, zungusha vile vinati vya kurekebishia hadi mipasuko yake ilingane na mpasuko wa leva yenyewe, vuta waya, na kichwa chake kitatoka bila vita. Fanya hivyo pande zote mbili halafu upeleke kila waya kwa upande wa mwenzake. Watu hukwama kwa kava, ile ngozi ya nje ya waya. Ilikatwa kwa urefu wa upande ule wa kwanza, na huku upande mpya inaweza kuwa fupi. Geuza usukani hadi mwisho kulia, halafu hadi mwisho kushoto. Kama kava inanyooka kama kamba ya kuanika nguo, ama breki inajifunga yenyewe ukikata kona, nunua kava mpya. Usiibembeleze.

Na ukienda dukani usiseme tu "nipee waya". Waya wa breki ni mnene, kama milimita 1.5, na kichwa chake ni kikubwa: kwa baiskeli za usukani ulionyooka kinafanana na pipa dogo, kwa zile za usukani uliojikunja kama pembe za kondoo kinafanana na pea. Waya wa gia ni mwembamba, milimita 1.2 hivi, na kichwa chake ni kadogo. Nimewahi kukuta breki ya mbele imefungwa waya wa gia kwa sababu ndio ulikuwa dukani siku hiyo. Unashika, hadi siku utakapouhitaji sana. Kava nazo ziko mbili. Ya breki ndani ina chuma kilichozungushwa kama springi. Ya gia ina nyuzi za chuma zilizolala kwa urefu, na hizo ukizipa nguvu ya breki zinaweza kupasua kava zitokee kando. Angalia pale ilipokatwa, utaona ni gani. Mwenye duka akikataa uangalie, maduka ni mengi.

Leva pia hazifanani, na hapa ndipo pesa za watu huenda. Zile breki ndefu za baiskeli za milima zinataka leva inayovuta waya mwingi. Breki ndogo za koleo, zile zinakaa juu ya tairi kwa baiskeli za mbio na za mjini, zinataka leva inayovuta waya kidogo. Ukiweka leva ya koleo kwa breki ndefu, utaisikia laini kama mkate wa jana na itagonga usukani kabla breki ishike vizuri. Ukifanya kinyume, leva inakuwa ngumu kama ukuta na baiskeli haisimami. Fundi anaweza kukaza waya mchana kutwa. Waya hauna makosa hapo.

Kitu kingine kidogo ambacho hakuna mtu huwaambia wasichana na watoto: kwa leva nyingi kuna kaskrubu karibu na mahali inashikana na usukani. Ukikazungusha kuingia ndani, leva yote inasogea karibu na mkono. Baiskeli imeundwa kwa vidole vya jamaa wa futi sita, wewe unafikia leva kwa kucha, halafu unaambiwa unaogopa barabara. Huogopi. Hufikii breki. Sogeza leva, halafu legeza waya kidogo kama raba zimeanza kugusa rimu.

Nimekaa sana kwa waya na leva juu nataka ukubali kwamba hivi vitu vinahama. Mahali breki iko ni uamuzi wa mtu fulani kiwandani aliyekuwa akifikiria mwili wa kawaida, na huo mwili wa kawaida mimi sijawahi kukutana nao. Ukikubali breki inaweza kutoka kushoto iende kulia, si safari ndefu kukubali inaweza kutoka kwa mikono kabisa.

Nina anko, mdogo wa mamangu, ambaye amesambaza mkate na maziwa kwa maduka ya Umoja tangu nikiwa katoto. Baiskeli yake ni Black Mamba, ile yenyewe: chuma tupu, gia moja, magurudumu ya inchi 28, na breki za fito za chuma badala ya waya. Baiskeli za aina hii ndizo zilibeba watu mpakani Busia hadi jina boda boda likazaliwa, kabla pikipiki zije ziliibe. Mwaka jana anko akapata kiharusi. Mguu wa kushoto ulirudi karibu wote. Mkono wa kushoto ulirudi nusu. Anaweza kuulaza kwa usukani, vidole vinajikunja, lakini kufinya hakuna.

Kikao cha familia kikaitwa. Baiskeli iuzwe. Binamu mmoja tayari alikuwa na mnunuzi. Mwingine akasema afunguliwe kibanda cha smokie na mayai boilo. Anko alikuwa ameketi hapo hapo akiangalia chai yake ikipoa, wanamzungumzia kama mtu aliyesafiri. Nilipomuuliza kando yeye mwenyewe anataka nini, hakunipa hotuba. Alisema, "Mami, maduka yanafunguliwa saa kumi na mbili. Wameshaanza kuchukua mkate kwa mtu mwingine."

Anti, bibi yake, hakutaka kusikia. Na simlaumu hata kidogo. Yeye ndiye alimpata sakafuni ile asubuhi.

Sasa, swali la kwanza halikuwa langu wala la fundi, na kama una mtu kama huyu nyumbani liheshimu. Kiharusi kinaweza kula sehemu ya macho bila mtu kujua, kinaweza kuharibu balansi, kinaweza kufanya akili ichelewe kuona gari la kando. Breki haziwezi kurekebisha hayo. Anko alirudi kwa daktari wake na kwa fisio, wakampima macho, wakamtembeza, wakamsimamisha kwa mguu mmoja. Wakasema anaweza kujaribu, mahali hakuna magari, mtu akiwa karibu. Wangekataa, hii stori ingeishia hapo na ningekuwa upande wa anti.

Fundi wa kwanza alicheka. "Siste, baiskeli ni ya mikono miwili." Fundi wa pili alikuwa na wazo, na si baya: leva moja inayovuta waya mbili, breki zote zinafunga pamoja kwa mkono mmoja. Leva kama hizo zipo, na kwa mtu mwingine ningemfungia. Lakini nguvu ya mkono mmoja inagawanywa kwa breki mbili, na anko anabeba mzigo. Halafu hiyo leva ikivunjika ama skrubu yake ikitoka, breki zote zimeenda kwa wakati mmoja. Nataka baiskeli iwe na breki mbili zisizotegemeana, moja ikikuacha nyingine iko. Na zaidi, Black Mamba haina hata waya wa kuvuta.

Lakini ina urithi wa Mwingereza: breki ya mbele ya anko iko mkono wa kulia. Mkono wake mzima. Kumbe nusu ya kazi ilishafanywa kabla azaliwe. Iliyobaki ni kutafuta breki ya nyuma isiyotaka mkono.

Na hiyo si uvumbuzi. Kampuni ya Kijerumani, Fichtel & Sachs, ilitoa habu yake ya Torpedo mwaka wa 1903. Ukipiga pedali mbele unaenda, ukitulia unateleza bure, ukikanyaga pedali kurudi nyuma breki inafunga ndani ya habu. Waholanzi na Wajerumani wamelelewa na hizi breki za mguu, kwa hivyo kwenye mitumba zimo. Utazijua ukiona katikati ya gurudumu la nyuma kuna mkono mfupi wa chuma umetokea upande usio na cheni, na hakuna waya wa breki unaofika huko.

Si kila fremu inazikubali, na hii ndiyo sehemu ya kusoma pole pole kabla utume pesa kwa mtu. Breki ya mguu inataka cheni iliyokazwa, bila ile mikono ya springi ya kubadilisha gia, juu ukikanyaga nyuma hiyo springi inalegea na cheni inaning'inia kama nguo. Cheni inakazwa kwa kuvuta gurudumu nyuma, kwa hivyo mdomo wa fremu unapokaa ekseli lazima uwe umelala. Black Mamba uko hivyo. Baiskeli nyingi za milima za siku hizi mdomo wake unaangalia chini moja kwa moja, gurudumu halisogei, basi.

Kama yako ndiyo hiyo na una mkono mmoja wenye nguvu, njia ni nyingine. Toa gia za mbele zote ubaki na duara moja, ili kitufe cha gia kiwe kimoja tu, na ukiweke upande wa mkono mzima. Breki fanya ile leva ya waya mbili, lakini ukague skrubu zake kama unavyokagua simu. Si njia ninayoipenda zaidi, ila ni baiskeli inayoendeshwa, na hiyo ni tofauti kubwa na baiskeli iliyouzwa.

Turudi kwa anko. Kupata habu ilikuwa rahisi kuliko kupata habu inayoingia. Rimu ya nyuma ya Black Mamba yake ina mashimo 40 ya spoki, ya mbele 32, mpangilio wa zamani wa Waingereza. Habu niliyopata ilikuwa ya spoki 36. Hesabu hiyo haibembelezwi. Nikaamua kununua gurudumu zima la mitumba, habu na rimu pamoja, na hapo ndipo namba za tairi zinakuwa muhimu. Ukiskia "inchi 28" usiamini. Angalia zile namba ndogo kando ya tairi, zenye kistari katikati. Black Mamba imeandikwa 635 mwishoni. Baiskeli nyingi za Uholanzi na Ujerumani zinazoitwa 28 zimeandikwa 622. Hiyo namba ya mwisho ni kipenyo kwa milimita pale tairi inapokaa kwa rimu, na tairi ya 635 kwa rimu ya 622 haitakaa, hata fundi aimbe. Mkanganyiko huo uko pia kwa inchi 26: ya milima ni 559, ya mjini ya zamani mara nyingi ni 590. Na ile inaitwa 29 ya kisasa? Ni 622 tena, jina jipya. Andika hiyo namba kwa simu yako kabla utoke nyumbani.

Nilichukua gurudumu la 622, na tairi yake. Kwa baiskeli yenye breki za rimu ningekuwa nimenunua shida, juu raba hazingefikia rimu. Lakini breki sasa iko ndani ya habu, haijali rimu iko wapi. Gurudumu ni dogo kwa milimita 13, yaani nyuma inashuka sita na nusu. Anko hajawahi kuiona. Fito za breki ya nyuma tulitoa pamoja na leva yake ya kushoto, ili asije mtu akaazima akafinya leva isiyo na kazi.

Halafu ule mkono mfupi wa chuma. Tafadhali niskize hapa. Ukikanyaga breki, habu yote inataka kujizungusha, na kinachoizuia ni huo mkono ukiwa umefungwa kwa bomba la fremu. Usipofungwa, siku ya kwanza ya breki ya nguvu utazunguka, unaweza kulegeza ekseli, na breki hauna tena. Nimeona umefungwa kwa waya wa kufungia seng'enge. Nimeona umefungwa kwa tyubu. Bomba la Black Mamba ni nene na kishikio kilichokuja na gurudumu hakikutosha, kwa hivyo nilienda Kamukunji, nikamwonyesha fundi wa vyuma kishikio cha zamani na kipimo cha bomba. Akakata bati nene, akalikunja, akatoboa, nikiwa bado nakunywa chai. Kikawekwa nati ya kujifunga, ile yenye plastiki ndani, isilegee na mtikisiko.

Usukani tuliuzungushia vipande vya tyubu kuukuu upande wa kushoto, tabaka juu ya tabaka, hadi ukawa mnene kama hindi. Mkono dhaifu unashika kitu kinene vizuri kuliko chembamba. Mtu alipendekeza tuufunge mkono na mkanda usichomoke. Hapana. Ukianguka, mkono lazima uachane na baiskeli. Kengele ikahamia kulia, karibu na kidole gumba. Mzigo tukautoa mbele wote. Alikuwa akining'iniza mifuko ya maziwa kwa usukani, na usukani mzito unataka mikono miwili. Sasa yote iko nyuma, chini, imefungwa na mpira pande zote.

Jumamosi tukaenda kwa uwanja wa shule ya msingi ya karibu, hakuna wanafunzi, hakuna magari. Anti alikuja. Alisimama kwa kivuli amekunja mikono, hakusema kitu.

Breki ya mguu ina tabia zake na anko ilibidi ajifunze mguu upya akiwa na miaka hamsini na kitu. Huwezi kurudisha pedali nyuma kuipanga ukiwa umesimama, inashika. Kwa hivyo unapanga ukiwa bado unasonga: unasimama pedali ya kulia ikiwa juu mbele kidogo, tayari kwa kuondoka, juu mguu wa kulia ndio wenye nguvu. Ilimchukua asubuhi nzima. Pia cheni ikichomoka, breki ya nyuma imeenda nayo, ndiyo maana ya mbele lazima iwe nzima siku zote na cheni isiwe legelege. Na mteremko mrefu unaichemsha habu hadi grisi yake inaharibika. Umoja hakuna mlima wa maana, lakini ukiishi kule Ngong usifanye hii bila kufikiria.

Kuonyesha mkono ndiko kulinisumbua zaidi. Akinyoosha wa kulia amebaki na mkono usiofinya, lakini mguu bado una breki, kwa hivyo kwa barabara ya mtaani anaweza. Barabara kubwa tulikubaliana: hakuna kukata kulia katikati ya magari. Anashuka, anavuka akiisukuma kama mwenda kwa miguu. Anachelewa dakika tatu. Mkate haulalamiki.

Wiki nne alizunguka uwanja tu, halafu mitaa ya nyuma bila mzigo, halafu na kreti moja. Si njia yote ya zamani imerudi. Maduka kadhaa yalishapata mtu mwingine, na kreti mbili bado ni nyingi kwake. Ana maduka saba.

Anti bado hasemi kwamba alikubali. Lakini ile Jumamosi ya kwanza, tulipokuwa tunarudi, aliniuliza ni nati gani ikilegea mzee anaanguka. Nikamwonyesha ya ule mkono wa habu, mbili za ekseli, na skrubu za breki ya mbele. Akaniomba spana. Nikamwachia mbili, ya namba 10 na ya namba 15, na kila Jumapili kabla ya kanisa anazipitia zote. Ziko kwa droo ya vijiko, na anko haruhusiwi kuzigusa.